Bomba Dogo la Inginia Emiliana

Ilikuwa mwaka tisini na nne. Hapana, nimeanza vibaya. Tisini na nne nilikuwa bado Kizota, nafunga mabomba kwenye karakana, na goti langu lilikuwa zima. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa tisini na tano, hilo halina ubishi, kwa sababu binti yangu Ruthu alipata kipaimara mwezi uleule, na wageni wengine wakaja kanisani na kofia za vyama vyao, mchungaji akawaambia wakazivulie nje. Sisi tulianza kuchimba mtaro baada ya hapo, mvua zilipokwisha. Basi ni tisini na sita. Tuandike tisini na sita tuendelee.

Ninayetaka kumwelezea ni Emiliana Ndahani, aliyekuwa inginia wa maji. Watu wa semina walikuja kumwita mwanaharakati. Sisi tuliobeba mabomba tulimwita Inginia tu, na yeye aliniita Baba Ruthu. Alikuwa mfupi, mwembamba, anavaa buti za mpira za kiume zilizomzidi, na meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia kwa maji ya visima vya kwao. Kazini alivaa suruali, lakini tukikaribia kijiji alimwambia dereva asimame, akajifunga khanga juu yake. Alisema, "Nisipojifunga, wazee watajadili suruali mpaka jua lizame, na maji tusiyazungumze."

Jambo jingine, alikuwa haniagizi kazi kabla ya kuniamkia. Kila asubuhi, shikamoo Baba Ruthu, marahaba, ndipo aseme lete hiki, funga kile. Madereva walimcheka. Mmoja akamwambia, "Mama, bosi anamwamkia kibarua?"

"Bosi ni wa mabomba," akamjibu. "Huyu ni baba."

Alizaliwa upande wa Bahi, mahali ambapo mwaka wa mvua watu wanavua kambare, na mwaka wa ukame watu walewale wanatembea nusu siku kutafuta ndoo moja. Mama yake alikuwa na kisima cha mchangani. Asiyejua aelewe: kwetu mito mingi ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na maji yamejificha chini. Mtu anachimba shimo korongoni, anakwenda chini kimo cha mtu au zaidi, anasubiri maji yajitokeze, anateka kwa kata. Juu anazungushia matawi ya miiba ili ng'ombe wasitumbukie. Emiliana alipokuwa mdogo kazi yake ilikuwa kulinda shimo lile, na hapohapo kwenye ukingo ndipo aliposomea madaftari yake. Akaenda shule ya bweni, akaenda chuo cha ufundi, akaenda Dar es Salaam, akarudi inginia. Wakati ule wanawake wa kazi hiyo ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono na ukabaki na kidole cha kukunia sikio.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinageuka. Maduka yalijaa sabuni na sukari tulizokuwa tukizipangia foleni, na huku vitu tulivyozoea kuvipata bure vikaanza kuwa na bei. Neno lilikuwa kuchangia. Unachangia hospitali, unachangia dawati, unachangia maji. Ukweli lazima niuseme, kuchangia maji hakukuwa neno baya. Injini haiendi kwa sala. Nimeona visima vingi vya serikali vimekufa kwa kukosa mkanda wa injini tu, na kunguru wamejenga ndani ya banda lake.

Kijiji chenyewe sitakitaja, maana wengi bado wapo. Mradi wa wafadhili ulichimba kisima kirefu, ukaweka injini ya dizeli na tangi la saruji juu ya kilima. Kazi yetu ilikuwa kuteremsha bomba kutoka tangini mpaka kioski cha maji katikati ya kijiji, na kutengeneza birika la kunyweshea ng'ombe pembeni yake. Sharti la mradi lilikuwa moja: kila ndoo ilipiwe, na pale kwenye kioski ifungwe mita ihesabu maji yote. Asiye na chochote angeteka wapi? Karatasi haikusema.

Siku ya kwanza ya kupima tulipitia korongoni. Jua lilikuwa kali hata nzi hawaruki. Tukamkuta bibi mmoja mfinyanzi, Bibi Anjelina, anajaza kibuyu kwenye shimo. Alipotuona hakuuliza sisi ni nani. Alisogeza tawi la miiba, akamkabidhi Inginia kata.

"Mbukwa," akatusalimu kwa Kigogo. "Kunywa kwanza."

Emiliana akanywa, akanipa na mimi. Kisha akauliza, "Bibi, kisima hiki ni chako?"

"Mimi nina nguvu ya kuchimba? Cha Elisha hiki. Yule mwenye ng'ombe wengi."

"Umemwomba?"

Bibi akamtazama kama mtu anayetazama sufuria iliyotoboka. "Mwanangu, umezaliwa wapi wewe? Kinywa hakiombi. Mtu ananywa, anajaza kibuyu kimoja, anakwenda zake. Ng'ombe ndio huombewa. Ukileta ng'ombe bila kumwambia Elisha, hapo mtapigana fimbo."

Inginia akakaa chini mchangani na khanga yake. Akacheka, lakini macho yalikuwa na maji. Akaniambia, "Baba Ruthu, na hili nililijua kabla sijajua kusoma. Nimekaa madarasani miaka kumi na sita nikalisahau."

Kuanzia siku hiyo alikuwa na jambo moja tu kichwani. Alitaka ukuta wa nyuma wa kioski uwe na bomba dogo, nje ya kufuli, linalotoa maji membamba kama uzi. Mtu anywe, ajaze kibuyu kimoja, bila kulipa. Ndoo ukiiweka pale itakuchosha mwenyewe, utaenda dirishani. Aliandika barua ofisi ya mradi kuomba ruhusa. Haikujibiwa. Akaandika nyingine. Alipokwenda mwenyewe akaambiwa kwamba bomba la bure litamwaga maji, maji yakimwagika dizeli itakwisha, dizeli ikiisha mradi utakufa, na watu watamlaumu yeye. Akawaambia, "Nipeni kijiji kimoja niwaonyeshe halimwagi. Mita ipo, itasema." Wakamwachia kimoja, kilekile chetu. Kama mita ikionyesha upotevu, bomba lizibwe na asilizungumze tena.

Sasa nieleze tulivyofanya kazi, maana hapo ndipo nilipoharibu, au nilipotengeneza, mimi sijui. Mimi shule niliishia darasa la nne. Mchoro wa karatasi ukinipa, naona mistari tu, kama nyayo za kuku. Inginia alilijua hilo wala hakunifedhehesha. Alichora chini kwa kijiti, halafu akaniambia, "Baba Ruthu, jifanye maji." Basi natembea juu ya mchoro na kusema kwa sauti: nimetoka tangini, nashuka, nakutana na koki, napita, nakutana na mita, inanihesabu, napita, nakutana na tii, hapa nagawanyika, mimi mwingine naenda bomba dogo, mimi mkubwa naenda dirishani. Vibarua walianguka kwa kicheko. Lakini sikukosea hata mara moja, kwa sababu mtu hasahau mahali alipopita kwa miguu.

Siku ya kufunga pale kwenye kioski alichora asubuhi, nikatembea, nikawa maji. Halafu akaitwa kwenye kikao cha kamati. Mbuzi wakapita juu ya mchoro, kundi zima. Nilipofika na mabomba hakuna kitu, kwato tu. Nikasema sina haja, nakumbuka. Lakini mabomba yalikuwa yameshushwa upande wa kioski, kwa hiyo nikaanza kufunga kutoka dirishani kupanda kuelekea tangini. Na kichwani nikarudia maneno yangu: mita, halafu tii. Nikafunga mita, halafu nikafunga tii. Nilizungushia katani vizuri kwenye nyuzi za bomba, nikapaka rangi, nikakaza. Kazi safi. Ila nilikuwa natembea kama mtu anayepanda kilima. Maji yanateremka.

Inginia akaja mchana. Akasimama juu ya mtaro, mikono kiunoni. Akatazama muda mrefu. Mimi nilidhani anasifia katani yangu. Kisha akasema, "Fukia." Tukafukia.

Kioski kikafunguliwa. Akina mama walileta ndoo zao dirishani, wakalipa, na wenye ng'ombe wakalipia birika. Na pale nyuma wakaja wale wengine: wachungaji wenye kiu, watoto wakitoka shule, wapita njia wa kwenda mnadani, na Bibi Anjelina na kibuyu chake, kila siku kimoja. Hakuna aliyeweka ndoo. Siku moja mwanamke mgeni aliweka, akazomewa na mabinti: "Dada, umekuja kunywesha ng'ombe gani?" Akaiondoa mwenyewe.

Kila mwezi mita ilisomwa, na kila mwezi maji yaliyopita mitani yalilingana na maji yaliyolipiwa. Halikupotea tone. Mwaka wa kwanza ukapita hivyo. Zikaja mvua za El Nino, barabara zikakatika, wa pili nao ukapita hivyo. Ofisi ya mradi ikashangaa. Inginia akaitwa kwenye semina Dodoma mjini, akasimama mbele ya watu wenye tai, akawaambia kwamba kijiji kinaweza kumnywesha maskini bure na mradi usipate hasara. Aliwaambia habari za miiba na kata. Wengine waliandika. Nilikuwa nyuma ya ukumbi, nimeletwa kubeba mfano wa bomba, nikapewa soda mbili. Baada ya semina ile, vijiji tisa vikaruhusiwa kuwa na bomba dogo. Tisa! Alikuwa na furaha hata akasahau kuifungua khanga, akazunguka nayo mjini siku nzima.

Huko kwingine walifunga mafundi wengine, wanaojua kusoma karatasi. Walifunga sawasawa. Na mita za huko zikaanza kusema: kuna maji yanapotea. Siyo mengi, ila yanapotea, kila mwezi.

Ndipo akaja Bwana Seth. Alikuwa mkaguzi wa mradi, kijana mpole, shati limepigwa pasi hata kwenye vumbi lile. Sikumchukia wala sasa simchukii. Alitaka kujua kitu kimoja: kwa nini vijiji tisa vinapoteza na hiki kimoja hakipotezi. Tulifika pamoja, yeye, Inginia na mimi. Alikuwa na kiu, akainama kwenye bomba dogo akanywa, akafuta midomo kwa leso. Kisha akaliacha wazi, akaenda kufungua kifuniko cha mita.

Sindano ilikuwa imelala.

Akarudi, akahakikisha maji yanatoka. Akarudi mitani. Imelala. Ndipo na mimi nikaelewa. Tii nilikuwa nimeiweka juu ya mita. Maji ya bomba dogo yalikuwa yanapita kabla ya kuhesabiwa. Miaka miwili mita haikuyaona. Na maneno yote aliyoyasema mwanamke yule mbele ya watu wenye tai yalikuwa yamesimama juu ya kosa langu.

Bwana Seth akauliza taratibu, "Nani alifunga hapa?"

Nikafungua mdomo. "Ni m..."

"Baba Ruthu," Inginia akanikata, "kaniletee spana kubwa kwenye gari."

Gari lilikuwa mbali, chini ya kilima. Nikaenda, ningefanyaje? Mtu amekuamkia miaka yote, akikutuma unaenda. Niliporudi na spana, Bwana Seth alikuwa ameshafunga daftari. Emiliana alikuwa amesema mchoro ni wake na kazi ni yake, yamekwisha. Nikamwambia pembeni, "Inginia, nitakwenda kumwambia." Akasema, "Ukienda, watakufukuza wewe na mimi wataniita mwongo mara ya pili. Shika spana."

Kikao cha kijiji kikaitishwa mchana uleule. Bwana Seth akasimama akasema kwa heshima kwamba bomba dogo litazibwa, hapa na kwenye vile vijiji tisa, kwa sababu hesabu iliyoviruhusu haikuwa ya kweli. Emiliana alikaa kwenye kiti cha shule, anatazama buti zake. Nilimjua. Kuhamishwa au kufukuzwa hakukumwuma kama lile neno, litazibwa.

Bibi Anjelina akainuka kwa kujishika magoti. "Wewe kijana. Umefika hapa saa ngapi?"

"Shikamoo bibi. Saa nne."

"Marahaba. Umekunywa maji?"

"Nimekunywa, bibi. Asante."

"Umenywea wapi?"

Bwana Seth akageuka kuangalia kioski. Wanawake wakaanza kucheka kwa chini. Naye akatabasamu, akatia mkono mfukoni. "Basi bibi, nitalipia."

"Aa! Usilipe!" Bibi alipiga kelele kweli, siyo utani. "Ukilipa utakuwa umetutukana. Toa mkono huo mfukoni!"

Akautoa. Nadhani alielewa hapo, au labda aliona haya tu. Kisha akasema, "Bibi, mimi nimekuelewa. Lakini nikirudi nitaulizwa maji haya ni ya nani. Lazima yawe ya mtu."

Ndipo akasimama Elisha mwenyewe, mwenyekiti wa kamati ya maji, yule mwenye ng'ombe wengi na kisima cha korongoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ya kuchangia alikuwa wa mwisho kufika. Akasema, "Mimi nimekuwa na shimo tangu kwa baba yangu. Halijawahi kukaushwa na kinywa cha mtu. Ng'ombe ndio wanakausha. Kwa hiyo hamisheni hicho kidude, kiwekeni chini ya mita, maji yahesabiwe. Yatakayoonekana yamenywewa, yawekwe kwenye hesabu ya birika. Tulipe sisi wenye ng'ombe."

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Elisha, wewe ndiye mwenye ng'ombe nusu ya kijiji!"

"Najua," akasema Elisha, "nimewahesabu," akakaa. Wakampigia vigelegele, akafunika uso kwa kofia.

Nilihamisha tii mwenyewe jioni ile. Safari hii nilianzia tangini, nikatembea kila hatua nikisema kwa sauti, na hakuna aliyecheka. Mwezi ulipokwisha ilionekana kila watu wakiteka ndoo mia, bomba dogo limetoa ndoo tatu. Tatu! Wenye ng'ombe walilipa na bomba halikuzibwa. Vile vijiji tisa, vinne vilifuata mtindo wa Elisha. Vitano vilizibwa. Emiliana alivitaja vile vitano mara nyingi kuliko vinne, alikuwa hivyo.

Barua yake ya uhamisho ikaja kabla ya kupanda mtama. Ilisema kwa manufaa ya kazi, Sumbawanga. Nilikwenda kumsaidia kupakia. Vitu vyake vilikuwa vichache: kitanda, vitabu, mtungi wa Bibi Anjelina aliokuwa ameufunga kwa magunia. Alipoingia garini akasema shikamoo Baba Ruthu, ingawa alikuwa ameshaniamkia asubuhi. Nikashika mlango, nikamwuliza lililokuwa limenikaa. Yeye ni inginia. Alisimama juu ya ule mtaro muda mrefu. Mtu aliyesoma miaka kumi na sita hatambui tii na mita?

Akasema, "Baba Ruthu, usisimame juani na goti hilo." Dereva akaondoa gari.

Mara ya pili kumwuliza ilikuwa harusi ya Ruthu, mwaka elfu mbili na tatu. Alikuja kwa basi kutoka Sumbawanga, siku mbili njiani, na zawadi ya ndoo kubwa yenye mfuniko na koki, akiwaambia watu wote kwamba koki ameifunga mwenyewe. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Kule nako, nilisikia, alikuwa amegombana na ofisi kuhusu bomba dogo, akashinda sehemu fulani na kushindwa sehemu nyingine. Nikamvuta pembeni nikamwuliza tena. Akacheka mpaka madoa ya meno yakaonekana yote. "Kula pilau, linapoa," akasema.

Mara ya tatu alikuwa amerudishwa kwao, upande wa Bahi, kwenye jeneza. Alikuwa ameugua miezi miwili tu. Watu walijaa, wa mjini wenye tai na wa vijijini wenye fimbo, na Bwana Seth alikuwepo, mnene sasa, akanisaidia kushuka kwenye gari kwa ajili ya goti. Walipomaliza kufukia na kuweka mashada, nilibaki nyuma kidogo, na wakaniacha kwa sababu ni mzee. Sikuwa na sala ya maana. Nilimwamkia mimi safari hii, kisha nikamwuliza kama nilivyomwuliza mara mbili, kwa sauti ya kawaida, kama tuko kazini: Emiliana, siku ile ulipotazama kazi yangu ukasema tufukie, ulikuwa umeona?